Kikombe, Chai na Kichongeo cha Penseli

Mwaka 2011 Posta ya Marekani ilitoa stempu 12 za kuwaenzi waasisi wa usanifu wa bidhaa za viwandani nchini humo. Kila msanifu aliwakilishwa na kitu kimoja alichokibuni. Henry Dreyfuss alipewa simu ya mezani, Eliot Noyes akapewa taipureta, Norman Bel Geddes akapewa redio. Raymond Loewy, aliyesanifu vichwa vya treni, friji, magari ya Studebaker na nembo ya Shell ambayo hadi leo tunaiona kwenye vituo vya mafuta, alipewa kichongeo cha penseli cha kuzungusha kwa mkono. Alikibuni mwaka 1933. Kati ya kazi zote za mtu huyo, iliyochaguliwa kubandikwa kwenye bahasha ni ile ambayo haikuwahi kuingia sokoni. Ilibaki sampuli.

Nimeitazama picha ya kichongeo hicho mara nyingi mwaka huu. Ni kizuri, na sitajifanya sioni uzuri wake. Mwili wake una umbo la tone la maji lililolala, umepakwa kromiamu ukang'aa kama kioo, na umesimama juu ya mguu mfupi. Ukikitazama haraka unaweza kudhani ni injini ya ndege iliyong'olewa kwenye bawa. Mzaha wa kawaida wa wakosoaji ni huu: kitu kinachokaa mezani kinahitaji umbo la kupasua upepo ili kiende wapi? Mzaha wenyewe ni halali, lakini ni mwepesi mno. Miaka ile ya 1930 uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka, bidhaa zilikuwa zinalala madukani, na wenye viwanda waliamini kwamba umbo jipya lingewafanya watu watoe pesa mfukoni. Kila kitu, kuanzia treni hadi pasi ya umeme, kilivishwa umbo la mwendo kasi. Kichongeo nacho kikavishwa.

Swali langu ni jingine. Tunaposema kifaa hiki kimesanifiwa vizuri, tunakuwa tumekitazama wapi?

Aliyesoma fasihi ya Kiswahili sekondari analijua swali hili kwa sura nyingine. Kuna kambi inayosema fani ni kikombe na maudhui ni chai: kikombe hubeba, chai hunywewa, na chai ileile unaweza kuimimina kwenye kikombe kingine. Kuna kambi inayojibu kwamba fani na maudhui ni pande mbili za sarafu moja, huwezi kuushika mmoja ukauacha mwingine. Tuliyaandika haya madaftarini, tukayajibia mtihani, tukasonga mbele. Nimefika shahada ya uzamili na bado tunayajadili, ila sasa kwa majina marefu zaidi ya wanadharia. Mimi nimeona afadhali niyapeleke kwenye kitu ninachoweza kukifungua kwa bisibisi.

Kichongeo cha Loewy ni mfano kamili wa kikombe. Ganda lake linaweza kuvuliwa na kuvishwa mashine yoyote. Toa matumbo ya kuchongea, weka ya kusagia kahawa, na bado picha kwenye stempu ingekuwa ileile. Kinachosifiwa pale ni ngozi.

Sasa fungua mashine ya kawaida ya kuchongea, ile ya chuma inayofungwa ukutani au kwenye ukingo wa meza. Toa kifuniko cha maranda. Ndani utakuta silinda mbili ndogo za chuma kigumu, zimeinamiana hadi ncha zake zinakaribia kugusana. Juu ya kila silinda kuna meno makali yaliyojipinda kama uzi wa skrubu. Mwishoni mwa kila moja kuna gia ndogo, na gia hiyo inauma pete yenye meno iliyofungwa kwenye mwili wa mashine, pete ambayo haisogei. Ukizungusha mkono, silinda zote mbili zinabebwa kuizunguka penseli. Na kwa kuwa gia zake zinatambaa juu ya pete iliyotulia, kila silinda inalazimika pia kujizungusha yenyewe. Dunia hulizunguka jua huku ikijizungusha kwenye mhimili wake, na ndiyo maana wahandisi waliuita mpangilio huu wa gia kwa jina la sayari.

Penseli yenyewe haizunguki hata kidogo. Hapo pana mageuzi makubwa kuliko yanavyoonekana. Fikiria mbuzi ya kukunia nazi: chuma kimetulia, mikono ndiyo inayokizungusha kifuu. Fikiria kichongeo kidogo cha mfukoni: wembe umetulia, vidole ndivyo vinavyoizungusha penseli. Mashine hii imegeuza kazi. Kinachochongwa kimetulia, na kinachochonga kinakizunguka.

Faida yake utaiona ukilinganisha maranda. Kichongeo cha mfukoni ni randa ndogo. Kina wembe mmoja, nao unamenya utepe mrefu huku ukikisukuma kiini cha penseli upande mmoja muda wote. Mbao ikiwa ngumu, au kiini kikiwa hakijakaa katikati, ncha inakatika, unaanza upya, inakatika tena. Silinda mbili zinazoelekeana husukumana nguvu kutoka pande mbili, kwa hiyo kiini hakiegemei popote. Na kila jino linachukua chembe tu, si utepe. Kwa sababu meno yamejipinda, jino haliingii kwenye mbao lote kwa mpigo mmoja. Linaanza upande huu na kumalizia upande ule, na kabla halijatoka jingine limeshaingia. Ndiyo maana mkono hausikii kushtuka-shtuka. Unasikia mkwaruzo mmoja mrefu.

Sasa niambie, msomaji: kule kujipinda kwa meno ni fani au ni maudhui? Ni umbo, hakuna ubishi. Lakini ukilinyoosha umbo hilo, umebadilisha ukataji wenyewe. Hakuna chai ya kumimina kwenye kikombe kingine. Kwa hapa kambi ya sarafu inaelekea kushinda, na kama Loewy angekuwa mtahiniwa wetu tungempa maksi chache na kwenda zetu.

Mbao nayo ina neno lake katika ubishi huu. Viwanda vya penseli vilipenda mwerezi kwa sababu ni laini, nyuzi zake zimenyooka, na unakatika vizuri bila kupasuka ovyo. Mwerezi mwekundu wa Marekani ulipoanza kuadimika, wanunuzi waligeukia misitu mingine, na mmoja wa miti waliyoitaka unaota kwetu, kwenye nyanda za juu za Kenya na milima ya Usambara. Wataalamu wa mimea wanauita Juniperus procera. Wakikuyu wanauita mutarakwa. Waingereza waliupa jina la mwerezi wa penseli. Wakati wa ukoloni ulipasuliwa vibao vyembamba na kusafirishwa ng'ambo, kwenda kurudi kwetu ukiwa umepakwa rangi na kutiwa kiini. Leo penseli za bei nafuu madukani mwetu zimetengenezwa kwa mbao za kila aina, nyingine ngumu, nyingine laini kama kiberiti. Usanifu wa kichongeo ni lazima ujibu swali la mbao hiyo, iliyopo, iliyonunuliwa na mzazi asubuhi dukani. Kromiamu haina jibu hapo.

Kuna mtu mwingine ambaye angestahili kutajwa kila anapotajwa Loewy. Tarehe 23 Novemba 1897 John Lee Love, Mmarekani Mweusi wa Fall River, Massachusetts, alipewa hataza ya kichongeo cha kuzungusha kwa mkono. Miaka miwili kabla alikuwa amesajili kibao kilichoboreshwa cha kubebea plasta wakati wa kupaka ukuta. Huyu alikuwa mtu wa kazi za mikono, na inaonekana. Katika kichongeo chake maranda yanabaki ndani badala ya kumwagika mezani. Umbo la nje alilitaja pia, kwa unyenyekevu: kifaa kingeweza kurembwa zaidi, kikatumika kama pambo la mezani au kizuizi cha karatasi. Pambo liliruhusiwa, ila lilikuja baada ya uchafu kupatiwa mahali pa kukaa.

Mpaka hapa hoja yangu ingeweza kuishia kwenye sifa za matumbo ya mashine dhidi ya ngozi yake. Kilichoniharibia ushindi huo mwepesi ni darasa la mama yangu.

Mama anafundisha darasa la kwanza, watoto zaidi ya sabini. Kwa miaka yote ninayoikumbuka, asubuhi yake imeanza na wembe. Watoto wanapanga penseli zao mezani, naye anachonga moja moja kabla ya kengele, kwa sababu hataki nyembe ziwe mikononi mwa watoto wa miaka sita. Anachonga kwa mikato michache mirefu, anaacha ncha fupi na nene isiyokatika haraka. Penseli moja kwa mikono yake inamaliza muhula.

Kisha mzazi mmoja akaizawadia shule mashine ya kuzungusha. Ni ya plastiki, ina silinda moja, ina droo ndogo ya maranda ya rangi ya bluu isiyopitisha mwanga. Kwa wiki ya kwanza ikawa sherehe. Watoto walipanga foleni hadi mlangoni. Kuzungusha kuna utamu wake: kuna uzito kidogo mkononi, kuna sauti kama ya mahindi yanayosagwa, na mwisho wake penseli inatoka na ncha kali kama sindano. Mtoto akitoka hapo anairudisha ncha ile darasani, anaikandamiza kwenye daftari, inakatika kwa herufi ya kwanza, anarudi kwenye foleni. Kufikia Ijumaa penseli nyingine zilikuwa hazizidi urefu wa kidole.

"Mwanangu, hii mashine haijui kushiba," aliniambia kwenye simu.

Nikamuuliza kama ameirudisha.

"Nirudishe zawadi ya watu? Nimeihamishia mezani kwangu. Penseli nashika mimi, wao wanazungusha. Sauti ikibadilika nawaambia basi."

Nimelifikiria neno hilo kuliko nadharia zote za muhula huu. Basi. Katika kuchonga kwa wembe, basi inasemwa na jicho: unaona kila mkato, unaacha unapotaka. Katika kichongeo cha mfukoni inasemwa na vidole, vinavyochoka mapema. Mkono wa kuzungushia umeondoa uchovu, umeficha ukataji ndani ya sanduku, na umefanya kazi iwe ya kufurahisha. Ukijumlisha hayo matatu umepata kifaa kinachomsukuma mtumiaji kuendelea bila kumpa sababu ya kuacha. Meno yaliyojipinda vizuri hayasaidii hapo. Kadiri yanavyokata kwa ulaini ndivyo penseli inavyoliwa bila mtu kujua. Ile basi ambayo msanifu hakuitia kwenye mashine imebidi mwalimu aitoe kwa sikio lake, mara sabini kila asubuhi, kabla hajafundisha herufi hata moja.

Na tusidhani hili ni jambo dogo. Mzazi anayenunua penseli moja kwa muhula na sasa anaambiwa anunue tatu hajui lolote kuhusu gia. Yeye anajua tu kwamba mtoto wake anapoteza penseli, na pengine mtoto anachapwa kwa hilo.

Kuna wasanifu walioliona tatizo. Katika aina moja ya mashine za mezani, unavuta uso wa mbele kuelekea kwako, unabana klipu, taya ndogo zinaishika penseli, kisha springi ndiyo inayoivuta polepole kuelekea kwenye meno. Mkono wako haukandamizi chochote. Koni inapokamilika, springi inakuwa imefika mwisho wa safari yake, meno hayana tena cha kukata, na mkono wa kuzungushia unakuwa mwepesi ghafla. Unazunguka hewani. Basi imesemwa, na imepitia kwenye kifundo cha mkono.

Mashine ya namna hiyo naitumia kwenye chumba cha kusomea nyaraka ninakofanyia utafiti wangu, mahali ambapo kalamu ya wino hairuhusiwi kupita mlangoni. Nimeitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotazama baadhi ya nyaraka. Ina kasoro zake. Taya zake huacha alama za kung'atwa kwenye rangi ya penseli, jambo ambalo wapenda penseli wanalilalamikia sana. Ina silinda moja tu, na inaweza kuwa hivyo kwa sababu taya zimeishika penseli isikimbie. Na kama vifaa vingi vya kuzungusha, inadhania mkono wa kulia ndio unaofanya kazi. Jirani yangu wa meza, ambaye ni mashoto, huigeuza ubavu na kujipinda mwili mzima ili aitumie. Lakini droo yake inapitisha mwanga. Unaona maranda yakijaa, unaona pia umekula kiasi gani.

Droo hiyo ndiyo iliyonifanya nimrudie Loewy kwa haki zaidi. Kwa kuwa droo ni ngozi. Ni sehemu ya ganda, haikati chochote, na bado inafanya kazi ya kumwambia mtumiaji ukweli. Loewy mwenyewe alijua kwamba ganda linaweza kufanya kazi. Mwaka 1929 alipewa mashine ya kurudufu ya Gestetner airekebishe, mashine ya ukoo uleule uliokuja kuchapa mitihani katika shule zetu kwa miongo mingi. Aliifunika kwa udongo wa kufinyangia, akalichonga umbo jipya, akaziondoa pembe na miguu iliyokuwa imejitokeza ikiwatega wapita njia ofisini, akaufungia ndani mtambo uliokuwa ukikusanya vumbi. Pale ganda lilikuwa na neno la kumwambia mtu aliyesimama karibu na mashine. Lilimwambia: pita, hutajikwaa.

Kichongeo cha 1933 kinamwambia nini anayekizungusha? Nimejaribu kulijibu swali hili kwa kukitetea, nimeshindwa. Kromiamu ni kioo. Mtoto akisimama mbele yake ataona uso wake, mkubwa puani na mdogo masikioni, atacheka, ataendelea kuzungusha. Hataona penseli yake. Na kwa kuwa kichongeo hicho hakikufika darasani, hakuna mtoto aliyewahi kulalamika. Kimebaki safi, kikapendeza kwenye maonyesho na kwenye stempu, huku mashine zilizochonga mamilioni ya penseli zikihesabiwa kasoro zake kila siku na wanaozitumia.

Hapo ndipo ninapoziona kambi zetu mbili za fasihi zikiwa na upungufu mmoja. Kikombe na chai, lakini hakuna mnywaji. Sarafu yenye pande mbili, lakini hakuna anayeitumia sokoni. Tunauliza umbo linakaaje na kilichomo, tunasahau kuuliza vyote viwili vinamfanyia nini aliyevishika. Na ndivyo tunavyohakiki vitabu. Tunahesabu tashibiha nne, sitiari tatu, takriri mbili, tunaandika "mwandishi amefaulu kifani", bila kusema sitiari ya tatu ilimfanya msomaji aone nini ambacho ukurasa uliotangulia ulikuwa umemficha. Hayo ni maksi za kromiamu. Nimeyaona kwenye madaftari ya wanafunzi ninaowasaidia kusahihisha, na nimeyaona kwenye majarida yenye heshima zake.

Ningependa kichongeo kihakikiwe kwa maswali ambayo mama angeyauliza. Penseli inabaki na urefu gani mwisho wa mwezi? Ncha inaandika mistari mingapi kabla ya kukatika? Mtoto wa miaka sita anaweza kujua mwenyewe kwamba imetosha? Mashoto anaitumiaje? Maranda yanaonekana? Yakijaa yanatoka bila kumwagika kwenye madaftari? Baada ya hapo tuje kwenye uzuri, na tusiudharau, kwa sababu watoto wale walipanga foleni hadi mlangoni na hawakufanya hivyo kwa ajili ya gia.

Wiki iliyopita mama alinitumia picha ya mashine yake. Droo ya bluu imeondolewa, na mahali pake amebandika kopo la plastiki lililo wazi, lililokatwa kwa mkasi na kufungwa kwa selotepu. Maranda yanaonekana. Kwenye kopo amechora mstari kwa kalamu nyekundu, na juu ya mstari ameandika neno moja kwa herufi kubwa, za kusomwa na mtoto wa darasa la kwanza: BASI.